Mrija wa Mwalimu wa Hesabu

Ukitaka kumwelewa Mwalimu wa Hesabu, anza na viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vya kufunga kamba, na viling'aa hata masika, wakati njia zote za kijijini kwetu, upande wa Mwimbi, zinapogeuka tope jekundu linalomeza miguu. Alitembea na kitambaa mfukoni kwa kazi hiyo moja. Akifika mlangoni mwa darasa aliinama, akafuta cha kulia, akafuta cha kushoto, ndipo akasema, "Kaeni." Sisi wengi tulikuwa pekupeku, na tulimsubiri tumesimama bila kucheka, maana aliyecheka alipewa hesabu ya kugawanya.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Wengine walisema ni mtu wa Kasanga, kule ziwani, wengine wakasema ametoka bonde la Rukwa, na mwenyewe akiulizwa alijibu kwamba alizaliwa nyumbani. Nitasema ninayoyajua. Alinifundisha miaka yangu ya mwisho ya shule ya msingi. Karibu kila jioni ya miaka hiyo alikuja kukaa kwenye kilabu cha pombe cha bibi yangu. Kijiji kizima kikamwita mlevi. Mimi nilijua kwamba hanywi, kisha ikafika siku nikaacha kuwa na uhakika, na hofu iliyonipata siku hiyo nimeishi nayo hadi utu uzima: kwamba mtu huyu aliingia kwenye pombe kwa ajili yangu.

Darasani alikuwa na msemo mmoja ambao ndugu zangu tuliosoma pamoja bado tunautumia tukipigiana simu. "Jibu kwanza, pole baadaye." Mtoto akija amechelewa, analia, walimu wengine walimuuliza kulikoni, au walimchapa, au vyote viwili. Yeye alimpa chaki. Akishapata jibu ubaoni, ndipo Mwalimu alimvuta pembeni na kumuuliza nyumbani kuna nini, na alisikiliza mpaka mwisho. Akikosa jibu, aliulizwa vilevile, ila alikuwa na hesabu nyingine ya kwenda nayo nyumbani. Hakuchapa. Wazazi walimlalamikia kwa hilo, wakisema watoto watakuwa wakaidi.

Hakusifu pia. Ukipata zote alisema, "Sawa," na ukipata zote mwezi mzima alisema, "Sawa," kwa sauti ileile. Mara moja tu nilimsikia akimwambia mtu "Vizuri," na aliyeambiwa alikuwa ng'ombe.

Hiyo ni hadithi ya Msukuma mmoja mfugaji, mtu mrefu mwenye roho nyeupe, aliyehamia kwetu na familia yake na kundi lake. Mwalimu wa Hesabu aliogopa ng'ombe kuliko radi. Siku moja kundi lilikata njia mbele yake, naye akakwama katikati ya pembe, ameinua viatu vyake juu mikononi kana kwamba ng'ombe wamekuja kuvila. Dume moja lilimnusa, likapita. "Vizuri," akaliambia. Yule Msukuma alisimulia jambo hilo kilabuni mpaka watu wakavunjika mbavu, na Mwalimu mwenyewe alikuwapo, akicheka kama wengine.

Sasa nieleze kilabu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na baba alivuka ziwa kutafuta maisha upande wa Kongo, akayapata huko huko, akabaki nayo. Nikalelewa na bibi mzaa mama. Bibi alipika kimpumu. Ulezi uliochachuka hutiwa kwenye chungu, humiminiwa maji ya moto, na mnywaji huvuta kwa mrija. Maji yakipungua huongezewa mengine, na mengine, mpaka ladha iishe. Katika baridi yetu ya Ufipa, ule upepo wa Julai unaopenya blanketi, watu wazima huzunguka chungu hicho kama watoto wanavyozunguka moto, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa birika. Nilichota maji, niliokota kuni, nilisaga kimea, na jioni nilipita na birika jeusi kubwa nikiongeza maji kwenye vyungu vya wateja.

Nililala chumba kimoja na ulezi unaochachuka. Nguo zangu za shule zilinuka kilabu, na wenzangu wakaniita Kimpumu, jina lililonifuata hadi msikitini kwa wale wachache Waislamu na hadi kanisani kwetu sisi wengine. Nilisinzia darasani. Na jioni, pombe ikishawapanda wateja, walikuwapo wanaume walionishika mkono nikiwaongezea maji na kuniita mke wao. Walisema ni utani. Nilikuwa nakaribia umri ambao utani huo huwa unaacha kuwa utani, na bibi alikuwa na macho mawili tu na vyungu vingi.

Nikimwambia bibi nina kazi ya shule, alijibu, "Shule utakula?" Alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyecheka, na mikono yake haikutulia. Niliamini ananitaka nimalize darasa la saba nishike mwiko wake, basi.

Mwalimu wa Hesabu alikuja mara ya kwanza siku moja baada ya kuniuliza pembeni mwa darasa kwa nini nasinzia. Nilimwambia. Hakusema pole, hata baadaye. Jioni akatokea mlangoni kwetu, akafuta viatu, akamsalimia bibi kwa heshima zote.

"Mama, naomba chungu."

Kilabu kizima kikaacha mirija kumtazama. Alikuwa mwalimu, na zaidi ya hapo alikuwa mwalimu wa kwaya wa kigango chetu.

"Karibu, Mwalimu," bibi akasema. "Kikubwa au kidogo?"

"Kidogo. Na kama hutajali, mama, macho yangu jioni yananisumbua. Niazime huyu mtoto anisomee madaftari, mimi nasahihisha."

Bibi alimtazama viatu, akamtazama uso. Akasema, "Akishaongeza maji."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alikaa kona ya karibu na taa ya chemli, mrija mdomoni, madaftari magotini. Mimi nilikaa kwenye kigoda kando yake nikimsomea hesabu za wenzangu, naye akiniuliza kila moja, "Amepata?" Nikisema amepata aliuliza kwa nini. Nikisema amekosa aliuliza amekosea wapi. Kwa njia hiyo nilifanya kazi ya darasa zima kila jioni na sikujua kwamba nasoma. Macho yake yalikuwa mazima. Mchana alikuwa akimwona mtu anayeiba jibu kule mwisho wa darasa.

Na mahali alipokaa Mwalimu, mikono ya wanaume ilibaki kwenye mirija yao. Hakumkemea mtu. Aliinua tu macho kutoka kwenye daftari na kuuliza, "Ndugu yangu, saba mara nane?" Mtu aliyenishika mkono ilimbidi auachie apate kuhesabu vidole. Yule Msukuma alipenda sana mchezo huo, akawa anajibu kwa ng'ombe: ng'ombe saba kwa kila mtoto, watoto wanane. Akipata, alipiga meza na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

Niligundua siri yake kwa birika. Siku ya kwanza au ya pili, nilipita kuwaongezea watu maji, nikafika kwake, nikainamisha birika kama kawaida, na maji yakafurika chungu, yakamwagika juu ya viatu vile vyeusi. Nilitaka kukimbia. Chungu kilikuwa kimejaa kama kilivyotoka jikoni. Alikuwa ameshikilia mrija mdomoni muda wote ule na hakuvuta hata tone.

Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kujua. Hilo ndilo jambo la pombe ya mrija. Mtu anayekunywa kwa kikombe unamwona akiinua mkono, unamwona akimeza, lakini mwenye mrija unamwona ana mrija tu. Mwenye birika peke yake ndiye anayejua nani anakunywa.

Mwalimu alivuta miguu nyuma, akatoa kitambaa. "Taratibu," alisema kwa sauti ya chini. "Viatu vyangu." Kisha, akiwa bado ameinama, "Usimwambie mtu. Asiyekunywa hana la kufanya hapa. Ukisema, kesho sina pa kukaa."

Tangu jioni hiyo nilipofika kwake niliinamisha birika hewani, nikajifanya namimina. Tulikuwa hodari wa kuigiza, mimi na yeye.

Walivyomvua ualimu wa kwaya hakunieleza, niliona kwa macho. Jumapili moja mtu mwingine alisimama mbele ya waimbaji. Wazee wa kigango walikuwa wamekaa, wakaona haifai mlevi kuongoza nyimbo za Mungu, tena mlevi anayesahihishia madaftari ya watoto kilabuni, madaftari yanayorudi nyumbani yananuka pombe. Kusema kweli yalinuka. Mwalimu aliingia, akatazama mbele, akaenda kukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Wimbo ulipoanza aliimba besi kutoka huko nyuma. Hakuwa na sauti nzuri, hilo nalo ni kweli, na kwaya iliimba vizuri zaidi baada ya yeye kuondoka. Lakini mimi niliyekuwa nimekaa katikati nilisikia besi ile mbovu na roho ikaniuma, nikatamani kusimama juu ya benchi na kupiga kelele kwamba mtu huyu hajawahi kulewa. Nilimgeukia. Akatikisa kichwa kidogo sana.

Kesho yake nilimuuliza kwa nini asiache kuja. Alinijibu kwa swali, kama kawaida yake, "Mtihani ni lini?"

Hakupenda habari za mateso. Mtu akianza kusimulia alivyokua kwa shida, Mwalimu aliangalia saa. Hata alipoletwa mgeni shuleni kututia moyo, akatueleza alivyosoma kwa mwanga wa moto na kula mlo mmoja, Mwalimu alituambia baadaye, "Mmesikia alikula nini. Hakuwaambia alisoma vipi." Kwa hiyo habari yake mwenyewe aliisema mara moja tu, bila kuinua macho kwenye daftari, siku ambayo mteja mmoja alibebwa kutoka kilabuni hajitambui. "Baba yangu walikuwa wanambeba hivyo," alisema. "Mimi nilishika miguu." Kisha akaniuliza kama yule wa daftari la kijani amepata.

Nilifikiri sana juu ya sentensi hiyo. Mtu aliyeshika miguu ya baba yake alikuja kwa hiari yake kukaa jioni baada ya jioni katikati ya harufu ileile. Nilipokuwa mtoto niliona ni ushujaa. Nilipokua nikaona ni hatari, kwa sababu ya yaliyotokea mwaka wa mwisho.

Mwaka huo bibi alikuwa ameanza kumtunza Mwalimu kwa namna yake. Alimtengea chungu kimoja kidogo, kilichovunjika ukingo, na hakuruhusu mtu mwingine akiguse. Alikitoa mwenyewe jikoni, akakirudisha mwenyewe, akakiosha mwenyewe. Nilidhani ni heshima kwa mwalimu, au ni kumbana mteja mzuri asihame.

Basi jioni moja ya baridi, mtihani umekaribia, nilipita na birika, nikaliinamisha hewani kwake kama siku zote. Akagonga ukingo wa chungu kwa kidole. Nikatazama ndani. Maji yalikuwa yamepungua.

Nilimwongezea. Baadaye akagonga tena, nikamwongezea tena. Kesho yake vilevile. Na akaanza kusifia, yeye ambaye hakusifu kitu. "Mama, leo imekolea," alimwambia bibi mbele ya watu wote, na bibi, akigeuza uso kuelekea jikoni, alijibu, "Ndivyo inavyotakiwa, Mwalimu." Ikawa kila jioni. Wateja walifurahi. Hatimaye Mwalimu amekuwa mwenzao.

Nililia usiku mmoja, nimejifunika blanketi. Kigango kilikuwa kimesema kweli, au kilikuwa kimesema uongo na sasa uongo umekuwa kweli, na chanzo ni mimi. Hesabu zake hazikubadilika, mwendo wake haukuyumba, viatu viling'aa. Hilo halikunifariji. Nilikuwa nimewaona wengi walioanza bila kuyumba.

Nilifanya mtihani. Nikafaulu, nikapangiwa shule ya bweni ya wasichana Sumbawanga mjini. Mwalimu alileta habari mwenyewe, akasimama mlangoni, akafuta viatu, akasema, "Amepata." Bibi alikuwa anakoroga. Hakuacha kukoroga. "Na maji yangu atachota nani?" akasema. Nilimkasirikia kwa maneno hayo, na hasira hiyo nilisafiri nayo hadi mjini pamoja na sanduku la bati. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tano. Mwalimu alikuja mazikoni, akashika jembe na wanaume wengine, viatu vyake vikajaa udongo, na siku hiyo hakuvifuta. Tulisalimiana tu. Niliogopa kumnusa.

Leo mimi ni mhandisi wa maji. Nikiwatania wenzangu ofisini huwaambia kwamba kazi hii niliianza na birika. Mwaka huu nilitumwa Chala kukagua kisima, na mtu mmoja sokoni akanielekeza nyumba ya mwalimu mstaafu, yule anayefundisha watoto wa jirani barazani bure na kuwafukuza wakikosea. Nilijua ni yeye kabla sijafika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda. Alikuwa amekonda, ana sweta, ana kandambili miguuni, na kando ya mlango viatu vyeusi vimepangwa, vinang'aa. "Birika," akasema. Hakuwahi kuniita Kimpumu maisha yake yote, lakini hilo la Birika sikujua kama alikuwa nalo.

Mke wake alituletea chai ya chupa na viazi. Tuliongea habari za kisima. Aliniuliza kina chake, aliniuliza kinatoa maji kiasi gani kwa saa, akakokotoa kichwani kitajaza tangi kwa muda gani, nikasema ndiyo, akasema, "Sawa." Nilimtazama mikono yake. Haikutetemeka. Nilikuwa nimeamua kwamba sitaondoka Chala bila kuuliza.

"Mwalimu, nikuulize kitu cha zamani."

"Uliza."

"Ulianza kunywa kwa sababu yangu?"

Aliweka kikombe chini. Nilidhani nimemkosea adabu, na mke wake aliyekuwa anapita akasimama.

"Kunywa nini?"

"Kimpumu. Mwaka ule wa mtihani. Nilikuwa nakuongezea maji, Mwalimu. Chungu kilikuwa kinapungua."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka, kicheko kile cha siku za yule Msukuma.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema akifuta macho, "na wewe pia ulikuwa mmoja wa wazee wa kigango." Akavuta kiti karibu. "Yule Msukuma alisema kitu, sikumbuki nini, kuhusu mimi na ng'ombe. Nikacheka. Nikavuta pumzi mrija ukiwa mdomoni. Kikaja kinywani kitu kitamu."

"Kitamu?"

"Togwa. Togwa ya ulezi, tamu, ya moto, haijachachuka hata kidogo. Bibi yako alikuwa ananipikia togwa."

Nikaweka kiazi changu chini.

"Alianza lini sijui," akaendelea. "Labda tangu wiki ya kwanza. Wewe ulidhani mwenye birika peke yake ndiye anajua nani hanywi? Na anayeosha vyungu je? Alikuwa anamwaga chungu changu kimejaa kila jioni. Basi akawa anapika sufuria ndogo pembeni, kwa mtu mmoja, kabla hajaanza kazi ya wateja. Nikajiambia, mama huyu ameamka alfajiri kunipikia, mimi nimekuwa nikiiacha imwagwe. Nikaanza kuinywa yote. Tena nilikuwa nakuja pale bila kula, unajua."

"Mlizungumza?"

"Nilimwambia, mama, leo imekolea. Akaniambia, ndivyo inavyotakiwa. Hayo ndiyo mazungumzo."

Niliyakumbuka yote mawili, sauti zao, na bibi akigeuza uso kuelekea jikoni. Mtu asiyecheka. Alikuwa anageuka ili nisimwone.

"Kwa nini hakuniambia? Mimi nilidhani hataki nisome."

"Angekuambia, ungemwambia mtu. Wale wangejua ninakunywa togwa ya watoto, wangenifukuza kwa kicheko, na wewe ungebaki na birika lako na mikono yao." Alinitazama kama alivyokuwa akitazama mtu aliyefika hatua ya mwisho ya hesabu na kusita. "Alikuazima kwangu kila jioni, na kazi zote zile zilizokuwapo. Unadhani kuni na maji vilikuwa vinaisha vyenyewe ulipokuwa umekaa kwenye kigoda?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nililia pale barazani, mtu mzima mwenye kofia ya kazi mapajani, nikamlilia bibi yangu kuliko nilivyomlilia siku tulipomzika, kwa sababu siku ile nilizika mtu mwingine. Mwalimu wa Hesabu aliniacha nilie. Nilipomaliza alisema, "Pole." Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikija peke yake, bila kudaiwa jibu.

Kikombe chake kilikuwa kitupu. Nilichukua chupa ya chai nimwongezee, macho bado yamejaa machozi, nikamimina bila kuona vizuri. Chai ikafurika kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kutiririka ukingoni mwa meza kuelekea mlangoni. Mwalimu aliinama haraka kuliko umri wake, akavinyakua viatu vyake vyeusi, akavipakata.

"Taratibu," alisema.